Uzio wa vipande jikoni: jinsi ya kuutengeneza na kuutumia ili mtoto asiungue

Mtoto anapoanza kutambaa, kila kitu kilicho chini kinakuwa cha kwake. Anavuta, anashika, anaonja. Katika nyumba nyingi zetu jiko nalo liko chini: mafiga matatu, jiko la mkaa, au mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake. Kwa hiyo sufuria inayochemka inakaa sawa na kifua cha mtoto anayejifunza kusimama.

Makala hii inaeleza kinga moja ambayo fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza: uzio wa vipande vinavyounganishwa. Utajifunza idadi ya vipande unavyohitaji, vipimo vya kumpa fundi, mahali uzio unapoharibika mara nyingi, na mambo ambayo uzio hauwezi kukufanyia.

Kwa nini watoto wadogo huungua?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu 180,000 hivi hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya kuungua, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengi zaidi hupona, lakini wanabaki na makovu, vidole vilivyoshikana au viungo visivyonyooka.

Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Chai au uji ambao wewe unauona umepoa kidogo unaweza kumuunguza yeye vibaya kwa sekunde chache tu. Watoto wadogo huunguzwa sana na vitu vya maji ya moto: chai, uji, maziwa, maharage, mafuta ya kukaangia, maji ya kuoga. Moto wenyewe ni sehemu tu ya hatari.

Kuna saa mbili ambazo walezi wengi huzisahau. Ya kwanza ni pale sufuria inapoepuliwa na kuwekwa sakafuni ili ipoe. Ya pili ni baada ya kula, moto ukionekana umezimika. Majivu ya kuni na mkaa hubaki na moto ndani yake kwa saa nyingi, na mtoto huyaona kama mchanga wa kuchezea.

Kati ya ushauri wa WHO wa kuzuia kuungua nyumbani ni kuweka kizuizi kuzunguka moto. Ni ushauri mzuri, lakini jikoni kwetu si mahali pamoja. Asubuhi unapika ndani kwa sababu ya baridi, mchana unahamia uani kwa sababu ya moshi, na mvua ikinyesha unahamia barazani. Kizuizi kilichojengewa mahali pamoja kitalinda mafiga yasiyo na moto. Ndiyo maana tunashauri vipande.

Uzio wa vipande ni nini?

Ni fremu ndogo zenye kipimo kimoja, kila moja ikiwa na fito zilizosimama. Kila kipande kina viungo pande zote mbili, hivyo kipande chochote kinaweza kushikana na kingine chochote. Ukiviunganisha unapata umbo unalotaka: pembe, mraba, au mstari uliopinda. Ukimaliza kazi unavifungua na kuviegemeza ukutani.

Faida yake ya pili ni ya mfukoni. Huhitaji kununua vyote siku moja. Unaweza kuanza na vichache na kuongeza mwezi ujao, mradi fundi anafuata kipimo kilekile.

Vipande vingapi vinatosha?

Kabla ya kwenda kwa fundi, angalia jiko lako liko wapi. Mahali pa jiko ndipo panapoamua gharama.

Lengo ni kwamba kutoka katikati ya jiko hadi kwenye uzio pawe karibu mita 1, ili mtoto akinyoosha mkono, hata akiwa na kijiti, asifike kwenye sufuria. Tuchukue kipande chenye upana wa sentimita 60.

- Jiko likiwa kwenye kona ya kuta mbili, vipande 4 vinatosha: viwili upande mmoja, viwili upande mwingine. Unapata nafasi ya mita 1.2 kwa mita 1.2. Kama hupika ukiwa umekaa kwenye kigoda, ongeza kipande cha tano upande mmoja ili uweze kusimama na kugeuka bila kugusa sufuria.
- Jiko likiwa katikati ya ukuta mmoja, unahitaji vipande 7: viwili kila ubavu na vitatu mbele.
- Jiko likiwa wazi katikati ya uwanja, unahitaji vipande 12, vitatu kila upande.

Kwa hiyo kuhamishia jiko konani kunaweza kupunguza gharama ya uzio hadi theluthi moja. Lakini kona hiyo iwe ya tofali, udongo au mawe. Ukuta wa makuti, nyasi au mabanzi usiwe karibu na moto hata kidogo. Tena, kona iwe karibu na dirisha au mlango. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo huua. Usikubali kumkinga mtoto na moto kwa kumfungia kwenye moshi.

Vipimo vya kumpa fundi

Mwandikie fundi vipimo hivi kwenye karatasi, au mpe kipande cha kwanza akitumie kama kielelezo.

Kimo: sentimita 75 hivi. Chini ya sentimita 60, mtoto anayesimama anaweza kujipindua akaangukia upande wa pili.

Upana: sentimita 60. Kipande kipana zaidi huwa kizito, na kitu kizito hakitahamishwa kila siku.

Nafasi kati ya fito: sentimita 4.5 hadi 6. Kipimo cha haraka ni vidole vitatu vya mtu mzima vikiwa pamoja. Ikiwa kiganja kizima cha ubavu kinapita na nafasi inabaki, ni pana mno. Mtoto anaweza kupitisha mwili akanaswa kichwa.

Nafasi ya chini: kipande kikae karibu na sakafu, pasipite kichwa wala mguu wa mtoto.

Fito zisimame wima. Usiruhusu fito za kulala katikati ya kipande. Kwa mtoto, fito ya kulala ni ngazi.

Juu pawe pamenyooka. Ncha zilizochongoka na nafasi zenye umbo la herufi V juu ya uzio ni hatari kwa shingo ya mtoto. Huko Marekani vizuizi vya mbao vya kukunja vyenye nafasi za V juu viliwahi kunyonga watoto, na viwanda vikaacha kuvitengeneza mwaka 1985. Mtindo huo bado unaonekana kwenye vitu vya mitumba, kwa hiyo uangalie vizuri kabla ya kununua.

Malighafi: kama unapikia kuni, tumia chuma, kwa mfano nondo nyembamba za kuchomelea au fremu yenye wavu mgumu. Kuni hurusha cheche. Kwa mkaa au gesi, mbao au mianzi iliyokauka inafaa ikiwa umbali wa mita 1 unatunzwa. Mbao zipigwe msasa ili zisichome vidole. Usipake rangi ya zamani usiyoijua ilivyotengenezwa, kwa sababu baadhi ya rangi zina madini ya risasi na mtoto ataiguguna.

Usifunike uzio kwa khanga, shuka au mfuko wa nailoni. Kitambaa kinashika moto, na kinakuzuia kumwona mtoto.

Viungo ndipo uzio huharibika

Fito imara hazisaidii ikiwa mahali vipande vinapokutana panafunguka. Mtoto hasukumi katikati ya kipande. Anatikisa pembeni mpaka kitu kiachie.

Kiungo rahisi na imara ni cha pete na pini. Kila ubavu wa kipande unawekwa pete mbili za chuma, moja juu na moja chini. Pete za kipande kimoja zinakaa juu kidogo ya pete za kipande jirani, ili vikisogezwa pamoja zilingane katika mstari mmoja. Kisha pini ndefu ya chuma inatumbukizwa kutoka juu na kupita pete zote nne. Pini ikiwa ndani, vipande vinageuka kama mlango kwenye bawaba lakini haviachani. Ukiichomoa, vinaachana.

Mwombe fundi azingatie mambo manne:

1. Pini iwe ndefu, ifike hadi pete ya chini kabisa, ili mtoto asiweze kuichomoa kwa mvuto mmoja.
2. Kichwa cha pini kipindwe, kisiwe na ncha kali.
3. Pini zote ziwe za urefu mmoja. Ikipotea moja, yoyote itafaa mahali pake.
4. Nafasi kati ya kipande na kipande iwe ndogo kiasi kwamba kidole cha mtoto hakiingii kabisa. Nafasi inayoruhusu kidole kuingia ndiyo inayokibana kipande kinapogeuka.

Usifunge vipande kwa kamba ndefu. Kamba inayoning'inia inaweza kumnyonga mtoto, na kamba iliyo karibu na moto inaungua bila wewe kujua. Waya nao hulegea na kuacha ncha kali.

Kipande kimoja kiwe mlango. Kifunguke kuelekea nje, na komeo lake liwe upande wa ndani au juu, mahali unapofika wewe lakini mtoto hafiki. Ni lazima uweze kulifungua kwa mkono mmoja. Nguo yako ikishika moto, hutakuwa na muda wa kutafuta pini.

Umbo nalo lina kazi yake. Vipande vilivyopangwa kwa mstari ulionyooka huanguka vikisukumwa. Vikipinda kona, vinashikiliana na kusimama. Kwa hiyo usiweke mstari mtupu bila kona, na ncha zinazogusa ukuta zifungwe kwenye kulabu zilizopigiliwa ukutani.

Ujaribu kabla ya kuuamini

Uzio mpya usijaribiwe na mtoto. Ujaribu mwenyewe, moto ukiwa haujawashwa:

- Piga magoti uwe na kimo cha mtoto. Shika juu ya kila kipande, vuta, kisha sukuma kwa nguvu. Ukiinama sana au ukisogea, unahitaji kona nyingine au kulabu imara zaidi.
- Tikisa kila kiungo. Angalia kama pini inapanda juu.
- Nyoosha mkono kati ya fito ukiwa umeshika mwiko. Ukikaribia jiko, sogeza uzio.

Kisha washa moto, usubiri nusu saa, na uweke kiganja chako juu ya kila kipande. Ukishindwa kukiacha hapo ukihesabu hadi kumi, kipande kiko karibu mno na moto. Uzio wa chuma uliopata joto unaunguza kama sufuria.

Rudia majaribio haya kila mwezi. Pete hulegea, mbao hukauka na kupasuka, na mtoto anazidi kuwa na nguvu.

Vipande vile vile, kazi nyingine

Vipande 4 au 5 vya jikoni vinaweza pia kuzunguka mtoto badala ya moto. Ukipika uani na huna vipande vya kutosha kuzunguka mafiga, geuza mpango: chagua kona ya baraza iliyo mbali na moshi lakini unayoiona, weka mkeka, vikombe vya plastiki na kijiko cha mbao, kisha funga kona hiyo. Mtoto anakuona na wewe unamwona.

Vipande viwili vilivyopinda vinaweza kuziba mlango wa jikoni wakati sufuria zinapoa. Vinaweza pia kumzuia mtoto asifike kwenye ngazi au kwenye ndoo na mapipa ya maji. Lakini usitegemee vipande hivi kwenye kisima au shimo la choo. Hapo panahitaji mfuniko mzito na ukuta wa kudumu.

Akina mama wa kikundi kimoja wakikubaliana kipimo kimoja, vipande vya nyumba tatu vinaweza kuungana. Siku ya harusi, arobaini au msiba, masufuria makubwa huwekwa kwenye mafiga uwanjani na watoto wa mtaa mzima wanakimbia huku na huku. Nyumba tatu zenye vipande 4 kila moja zinapata vile 12 vya kuzunguka mafiga. Wekeni alama ya rangi ili kila mmoja arudishiwe vya kwake.

Mambo ambayo uzio hauwezi kufanya

Hautakulindia mtoto aliye mikononi mwako. Ukiwa umembeba, usinywe chai ya moto wala usiepue sufuria. Mweke kwanza ndani ya uzio au mpe mtu mwingine.

Haukingi kitu kilichotolewa nje yake. Sufuria ikiepuliwa, ipoe ndani ya uzio. Chupa ya chai na birika vikae juu ya meza isiyo na kitambaa kinachoning'inia. Ukimwandalia mtoto maji ya kuoga, tangulia maji ya baridi kisha ongeza ya moto.

Haumlindi mtu mwenye kifafa. Akianguka anaweza kuuangusha uzio pamoja na sufuria. Mpishi mwenye kifafa asipike peke yake, na jiko lililoinuliwa na kujengewa linamfaa zaidi.

Zaidi ya yote, hauchukui nafasi ya macho ya mtu. Nchini Bangladesh mradi mkubwa wa kuzuia watoto kuzama majini ulijaribu njia mbili: nyua ndogo za kuchezea nyumbani, na vituo vya kijiji ambako mtu mzima aliwaangalia watoto saa za asubuhi wazazi wakiwa kazini. Kinga iliyoonekana wazi ilitokana na vituo hivyo. Uzio unakupa dakika za kukoroga ugali, kuchukua chumvi au kufungua mlango. Hauwezi kukupa nafasi ya kwenda sokoni. Kama uko peke yako na watoto watatu na moto umewaka, kumwomba jirani au bibi awaangalie si aibu. Ni sehemu ya kinga.

Mtoto naye asikae ndani ya uzio siku nzima. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unashauri watoto wa chini ya miaka 5 wasizuiwe kwenye kigari, kiti au mgongoni kwa zaidi ya saa 1 mfululizo. Ndani ya uzio ana nafasi zaidi, lakini saa hiyo 1 ni kipimo kizuri cha kukumbuka. Mara anapoweza kupanda juu ya uzio au kuusukuma, acha kumweka ndani yake. Tumia vipande kuzunguka jiko tu, ukiendelea kumfundisha.

Mtoto akiungua, fanya nini?

1. Mtoe kwenye moto au kwenye kitu cha moto. Nguo ikiwaka, mlaze chini na umfunike kwa blanketi zito au mviringishe.
2. Pooza sehemu iliyoungua kwa maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mmiminie kwa jagi pole pole bila kuacha. Usitumie barafu.
3. Huku ukipooza, vua nguo, shanga, vikuku na nepi zilizo karibu na jeraha. Kama nguo imeganda kwenye ngozi, iache.
4. Mfunike mwili uliobaki asipate baridi.
5. Funika jeraha kwa kitambaa safi kisicho na manyoya. Usipasue malengelenge.
6. Usipake dawa ya meno, mayai, asali, samli, unga, majivu, kinyesi cha ng'ombe wala mkojo. Vitu hivi huleta maambukizi na kumfanya mganga ashindwe kuona kina cha jeraha.

Mpeleke kituo cha afya mara moja ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, lina malengelenge, au liko usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au kwenye maungio. Mpeleke pia ikiwa ni mtoto mchanga, ameunguzwa na umeme, amevuta moshi mwingi, au ngozi imekuwa nyeupe au nyeusi na hasikii maumivu. Jeraha lisilouma linaweza kuwa ndilo la kina zaidi.

Kumbuka

- Hamishia jiko kwenye kona salama yenye hewa kabla ya kuhesabu vipande.
- Kipimo kimoja kwa vipande vyote, fito zilizosimama, nafasi ya vidole vitatu.
- Kagua viungo kila mwezi.
- Mlango ufungwe tangu moto unapowashwa hadi majivu yamepoa kabisa.
- Uzio ukiwa umesimama, mtu mzima bado awepo.